Sauti Yako Kwenye Stoo ya Mifagio

Trufosa dada yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Najua huko uliko salamu hii haina kazi, wewe sasa unamsifu uso kwa uso, lakini mkono wangu haujui kuanza barua kwa njia nyingine.

Nakuandikia nikiwa humu stoo ya mifagio, pale pale ulipokuwa unakalia debe la sabuni. Debe lako nimelifunika kwa kitambaa, sitaki mtu alikalie. Tangu asubuhi mafundi wa kompyuta wako chuoni, na ikifika adhuhuri sauti yako itakuwa imetolewa kwenye mashine zote. Mashine ni mali yao, sina neno. Kilichonikosesha amani ni Ayuma wako. Mama yako aliniambia kwenye simu kwamba mtoto anauliza, mama alikuwa anaongeaje? Na mimi hapa nasikia sauti yako kila nikipiga deki.

Wacha nirudi nyuma kidogo, ndivyo ninavyoandika.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipobisha mlango huu? Nilidhani umekuja kulalamika kwamba nimekuletea chai baridi. Kumbe unatafuta chumba kisicho na ngurumo ya AC. Ulisema, "Mama Wakesho, Doha nzima inanguruma, ni stoo yako tu imenyamaza." Vijana wa uinjinia uliokuwa unawafundisha Kiingereza, Waarabu, Wahindi, Wasudani, hesabu walikuwa wanazijua kushinda ukoo wangu wote. Lakini waambie kwa Kiingereza walete valvu, wanakuletea beringi. Wakikariri orodha za maneno, baada ya mtihani zimeyeyuka. Ndipo ukaja na ule mpango ulioupa jina nusu mashine nusu mikono. Nyumbani wasikilize neno kwenye kompyuta, waone picha, warudie mpaka ulimi uzoee. Wakija darasani, kompyuta hakuna. Wanakuta sanduku la vyuma, na mimi nimekaa kando yake.

Mimi, mtu wa darasa la saba kutoka Voi, na aproni yangu ya chai. Ukawaambia, "Huyu hajui majina ya vyuma hivi, ndiyo maana nimemwita. Mwelezeni kitu kinafanya kazi gani. Akielewa atainuka akupe. Asipoinuka, bado hujajua." Kidole kisinyooshwe. Na mimi ukanionya kwa Kiswahili, "Usimhurumie mtu, dada, hata awe mtoto wa mudiri wa chuo."

Yule Khalid, na kanzu yake nyeupe isiyo hata na kunyanzi, akasimama akasema kwa Kiingereza, "Anti, nipe kile kinachofunga." Nikatoa kufuli ya stoo mfukoni nikampa. Darasa zima liliangua kicheko, na wewe ukageukia ubao, mabega yanatikisika. Kesho yake alikuja amesikiliza mashine yake sawasawa. Akasema kinakaa katikati ya bomba, ukikizungusha maji yanapita, ukikirudisha yanasimama. Niliinuka, Trufosa. Nikamtolea valvu kwa mikono miwili kama zawadi ya harusi. Akasema, "Khalas, Anti, leo umenipasisha."

Na sauti hizo zote za kwenye kompyuta ulizirekodia humu humu. Wewe ndani unatoka jasho katikati ya mifagio, mimi nje nimeegemea mlango nafukuza watu. Kabla ya kila neno unasema "Haya." Haya, gasketi. Haya, beringi. Nikakuuliza mbona usiitoe, hicho si Kiingereza. Ukajibu, "Iache tu. Bila haya pumzi hainitoki." Basi vijana wakaipokea hivyo hivyo. Nilimsikia Khalid kwenye karakana akimwambia mwenzake, "Haya, spana," na mwenzake anampa bila kushangaa. Na kwenye neno la flanji kuna kijiko changu kilichoanguka. Ulikataa kurudia. Ulisema hicho kijiko nacho ni mwalimu.

Ndiyo, nakumbuka na Ijumaa zetu. Jumapili ya huku ni Ijumaa. Tukitoka ibadani, nguo za kanisani zimetulowa kwa joto, tunashuka hadi baharini, Corniche, na karak yetu, ile chai ya maziwa ya huku, mkononi, wewe unapiga simu kwa Ayuma. Alikuwa mdogo, hajui kuongea, anapumua tu kwenye simu. Na wewe unambembeleza, "Haya mama, haya, haya." Mimi natazama maji, kwa sababu nikikutazama nitalia.

Ulipokwenda kutibiwa nyumbani ulisema utaniletea mboga ya mrenda iliyokaushwa. Nilikuwa nimeshaandaa kopo. Habari iliponifikia sikuweza kuja kukuzika, kibali cha kutoka nchini kilisubiri sahihi na mwenye sahihi alikuwa safarini. Nilikuzika hapa, dada. Nilifunga mlango nikaimba nyimbo zako zote, na zile usizozipenda.

Baada yako chumba cha kompyuta kiliendelea. Naingia na deki asubuhi, vijana wameacha vile vya masikioni juu ya meza, na wewe umo ndani yake, kadogo kama mdudu, "Haya, beringi." Kuna siku nilikujibu. Darasani hawaniiti tena. Sasa chuo kimenunua masomo mapya, sauti ni ya mtu wa huko kwa wenye Kiingereza, inasema neno moja kwa moja, haivuti pumzi.

Nilifunga na kuomba. Halafu jana nikamwendea mwalimu mpya. Si mtu mbaya, ananishukuru kwa chai. Lakini kile nilichokitaka sikukijua jina lake, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Nikasimama mbele ya meza yake na sinia langu. Kisha nikakumbuka sheria yako. Kama hujui jina, sema kinafanya kazi gani.

Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: kiko ndani ya mashine. Ukikigusa, mwanamke anaongea. Kesho akifutwa, hataongea tena. Yuko mtoto nyumbani kwao, haikumbuki sauti ya mama yake. Nataka kile kitakachonibebea huyu mwanamke mpaka kwa mtoto.

Alinitazama. Nikangoja kama nilivyowangojesha vijana wako, sikunyoosha kidole.

Akainuka.

Ametia yote kwenye flashi ndogo, hata flanji na kijiko chake. Nimeifunga ndani ya leso, iko kwenye Biblia yangu. Likizo yangu ikitoka, kabla sijafika Voi kwangu, nitapanda basi la Kakamega, kwa mama yako. Nitamketisha Ayuma karibu nami na kompyuta ya kuazima. Hatasikia "nakupenda" humo, dada, atasikia vyuma tu. Lakini kabla ya kila chuma atasikia ile uliyokuwa ukimbembelezea, na nadhani mwili wake utaitambua kabla ya akili. Akiuliza kila kitu ni nini, nitamweleza kinafanya kazi gani, ulinifundisha.

Wanaita chai huko nje. Bwana akulaze pema mpaka tuonane asubuhi ile kuu.

Haya, Trufosa. Haya, mama.

Dada yako,
Mama Wakesho