Nilimdanganya mama wa liboke

Papa yangu,

Salamu kutoka Kisangani yenye mvua. Jana nilikula liboke ya samaki, ya moto bado ndani ya majani iliyochomewa, karibu na maporomoko. Mama muuzaji aliona koti langu jeupe la chuo, akaniuliza nasomea udaktari gani. Wateja walikuwa wengi, nikaogopa kuchekwa, nikajibu, "Wa watoto."

Akashusha sauti. "Bon. Miye natafuta munganga wa kichwa. Binti yangu halali tena, anasikiaka masauti."

Na wewe Papa unavyojivunia huko Yanonge kwamba nasomea magonjwa ya akili! Nikaweka samaki chini. Nikamwambia ukweli palepale. Watu walicheka kweli, lakini yeye alilia. Leo tumempeleka binti yake kwa profesa wangu.

Bado naona haya. Vaa shati zito ukienda kuvua, Papa.

Odette wako