Mashine Iliyojua Kusema Kwani

Section 58, Nakuru

Kwako Celestine, malkia wa maua ya Naivasha,

Sasa mrembo? Mimi ni mzima, na sura yangu haijaharibika hata baada ya wewe kuniacha. Paka wako amezaa juu ya suruali yangu ya kanisa.

Ile kompyuta uliyosema niuze ndio urudi, siuzi ng'o! Mimi Owuor, niliyeachia shule Form Two nikazunguka Kampala na Kigali, natengeneza programu ya kufikiri kama mtu, bila kampuni, bila mzungu. Jirani yetu Makhanu hunicheka: "Profesa, imejua kudanganya bibi ama bado?" Acha acheke.

Zamani programu yangu ilikuwa inakubali kila kitu kama mgeni kwa wakwe. Nikasema hapana, mtu anayefikiri lazima awe na shaka, na shaka ya watu wetu inaanza na neno kwani. Hilo ndilo nimeifundisha tangu uende.

Jana nikaiandikia, "Celestine amekataa kurudi." Ikanijibu, "Kwani ulimwomba?"

Niliitusi, mama. Nikamwambia Makhanu imeharibika. Halafu nikalisoma tena lile swali.

Sikuwa nimekuomba. Nilikuwa nangoja uchoke na Naivasha.

Basi kompyuta haiuzwi, na ninakuomba: rudi nyumbani, Celestine. Na usije ukaringa eti mashine ndiyo imenifundisha adabu. Kwani ni nani aliyeitengeneza?

Ni mimi wako, mwenye akili mbili sasa,
Owuor