Mfuniko wa Uji na Mwezi Uliolala

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika, juu kumetakata.

Asubuhi walikuwa wameshapiga picha ya thelathini na moja, mimi bado nimesimama mlangoni mwa darasa nasubiri mfuniko wangu. Ule wa sufuria ya uji, mweusi kwa masizi. Darasa la tano waliuazima watengenezee katuni ya mwezi. Sahani nyeupe ndiyo mwezi, mfuniko ndio giza. Wanausogeza kidogo, wanapiga picha kwa simu ya mwalimu, wanausogeza tena. Picha zikikimbizwa, mwezi unakua unauona. Kesho wazazi wanakuja kuiona.

Nzuri kweli. Ila mwezi mchanga wao ulisimama wima, kama kwenye kitabu.

Mimi shule niliishia la nne. Lakini nimekulia milimani Uluguru, bibi ananituma nje niangalie mwezi kabla hajapanda maharage. Mwezi mchanga wa huku hausimami. Unalala chali kama bakuli.

Sasa mimi mkoroga uji nimkosoe mwalimu?

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi.

Darasa zima likaangua kicheko. "Anko Beno, mwezi wako umelewa!" Huyo Neema, mwenye mdomo wake. Nikatamani ardhi inimeze.

Mwalimu Mwanaidi hakucheka. Akauliza, "Jana magharibi nani aliuangalia?"

Hakuna mkono. Na wake haukunyooka.

Akanipa mfuniko. "Haya Beno, tuonyeshe."

Nikaifunika sahani yote, halafu badala ya kuvuta pembeni nikausukuma kwenda juu. Chini kukabaki ukingo mweupe, mwembamba, umekaa kibakuli.

"Leo mnaokaa jirani mrudi jioni tuuangalie," mwalimu akasema. "Ukiwa umelala, picha zote tunarudia."

Uji ulichelewa, na hakuna aliyenisema.

Mchana kutwa nimekuwa na hofu. Je, kama nimesahau? Kama ni macho ya utotoni tu? Ila hata hofu yenyewe naishukuru. Miaka yote hii nimewaangalia watu wakifundishana, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi ninachokijua.

Nimeandika haya jikoni, kwenye simu. Neema anapiga kelele uwanjani: "Anko Beno! Bakuli lako hili hapa, limelala kabisa! Njoo!"

Naondoka. Mwezi mchanga haukai, saa hii unaishia nyuma ya mlima Mindu. Picha zote zinarudiwa, na mfuniko ninao mimi.