Barua Kumi na Moja za Mama Yako

Nyumbani kwa Mjomba,
Chumba cha Uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kidole,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Hujambo? Goti lako uliloliumiza kwenye shimo la lifti linaendeleaje? Mkeo na mapacha wazima? Nauliza kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuwa na kurasa sita na humo hakutajwa mtu kuwa mzima wala mgonjwa, ni gemu tupu mwanzo hadi mwisho. Sisi huku hatujambo. Mimi macho ndiyo yanayonisumbua, maana kusoma prufu pale kiwanda cha chapa miaka ishirini na miwili si mchezo. Nimepata miwani mipya na sasa naona hata nisiyotaka kuyaona.

Baba yangu, yaani mjomba wako, anakula vizuri na kulala vizuri. Kumbukumbu tu ndiyo inayomtoka. Asubuhi ananiita kwa jina la marehemu dada yake, mchana ananiuliza mimi ni nani, jioni ananigombeza kwa jina langu mwenyewe, basi najua amerudi.

Sasa tuje kwenye hilo la kitabu. Nimepokea mswada wako. Nimeelewa kwamba gemu la Mwasha Taa linatimiza miaka thelathini, kwamba mashabiki wake mna chama na mwenyekiti na mweka hazina kama watu wa maana, na kwamba kila mmoja ameandika jinsi alivyolijua gemu hilo kwa mara ya kwanza. Umenitaka nikusahihishie makosa, nikupe tarehe kamili uliyoshika rimoti mara ya kwanza, na nikutumie zile barua kumi na moja za mama yako zilizomo kwenye kopo la biskuti, ili zipigwe picha. Kitabu kinafungwa mwisho wa mwezi, umesema, na habari yako ndiyo itakayofungua kitabu kwa sababu imeliza watu.

Nilianza na za wenzako. Yule muuza viatu aliyelikuta gemu kwa kinyozi, akakataa kurudi kitini, akaenda nyumbani na nusu kichwa kimenyolewa, alinichekesha hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza nina nini. Yule muuguzi aliyefundishwa na bibi yake asiyejua kusoma naye ameandika vizuri. Hao sikuwagusa, niliwawekea nukta mbili tatu tu.

Yako ndiyo sikucheka. Umeandika kwamba chumbani mlikuwa na "dada mmoja wa kununanuna, asiyejua chochote kuhusu gemu, aliyekaa pembeni akishona soksi." Huyo ni mimi. Soksi zenyewe zilikuwa zako.

Nilikuwa nimeazimia kunyamaza hadi nife, Kidole. Ningekusahihishia vituo vyako, ningekutumia barua zako, ningekufa na yangu. Lakini mtu akikuita asiyejua, na wewe ndiye pekee uliyejua, hata maji ya kunywa yanakukaba.

Umeandika kwamba ilikuwa wiki ya furaha kuliko zote maishani mwako. Mjomba alirudi na boksi bapa la mashine ya gemu chini ya kwapa. Hakuna aliyekuambia upunguze sauti ya runinga. Chakula uliletewa kwenye sinia hapo hapo ulipokaa. Kina shangazi wa mbali walikuja, kila mmoja akakupapasa kichwa na kukupa peremende, na nyumba, kwa maneno yako, "ilijaa watu wema." Mdogo wangu, ulikuwa mtoto, sikulaumu. Ila sasa una miaka thelathini na saba, unatengeneza lifti za maghorofa, na bado hujajiuliza kwa nini watu waliingia nyumba hii na masufuria makubwa kiasi kile. Hawakuja kwa ajili ya gemu.

Tarehe uliyoitaka ninayo. Mashine ilifika Jumatatu ya tarehe kumi na nane Agosti, jioni. Mama yako alifariki Jumatano alfajiri. Alizikwa Alhamisi, tarehe ishirini na moja, saa nane mchana, wewe ukiwa kwenye mnara wa pili wa gemu lako.

Najua jiwe la kaburi lake linasema tarehe tisa Novemba. Jiwe linasema uongo. Kila tarehe tisa Novemba unanipigia simu unalia, nami nakuitikia pole, pole, na mkono wa pili nakoroga mboga.

Wazee walikaa wakaamua usiambiwe hadi umalize mitihani ya mwisho wa mwaka. Baba yako alikuwa keshakwenda zake, wakasema mtoto huyu ameona ya kutosha. Funika kombe mwanaharamu apite. Na mimi niliyekuwa na miaka kumi na minne nilipewa kazi ya kukaa nawe chumbani, mlango umefungwa, sauti ya runinga juu, ili usisikie vilio. Mama yako ndiye shangazi aliyenilea tangu natambaa. Ndiye aliyenishika mkono nikajifunza kuandika. Sikumzika. Walipomtoa kwa mlango wa mbele, wewe ulikuwa unacheka kwa sababu kile kibwana chako chenye ngazi kimeanguka na taa yake, ukanivuta sketi unataka nitazame. Nilikuchukia siku ile, na sikukuchukia kidogo.

Wiki iliyofuata ukaanza kumwandikia mama hospitalini. Ulichora mnara, ukaandika umefika wa tatu, ukamuuliza atarudi lini. Baba alikuwa anaitia barua yako kwenye mfuko wa shati, anazunguka mtaa, anarudi. Siku ya tatu ulimuuliza mbona mama hajibu. Akanikuta ninapiga pasi, akaniwekea karatasi juu ya meza ya pasi.

"Mjibu," akaniambia. "Mwandiko wako kama wake."

Nikakujibu. Na kwa kuwa nilikuwa na hasira, katika barua ya kwanza mama yako alikuagiza uoshe vyombo zamu yangu. Ukaosha. Katika ya pili alikuagiza uchote maji na usimsumbue dada yako. Ukachota, na hukunisumbua siku nne. Marehemu alinipumzisha sana mwaka ule. Hizo ndizo barua unazotaka kuzipiga picha, ziwekwe kitabuni kama mfano wa malezi.

Shida ilikuja uliponasa kwenye mnara wa nne. Ulimwandikia mama barua mbili kwa siku moja kwamba upepo unazima taa zote na hujui ufanyeje. Nilijaribu kukwepa, nikaandika omba Mungu. Ukajibu kwamba umeomba na upepo bado unazima. Basi wewe ukisoma zamu ya asubuhi na mimi ya mchana, nikawa nawasha mashine ukishatoka, nacheza hadi saa sita, nafuta alama za vidole vyangu kwenye rimoti kama mwizi. Ndivyo nilivyolijua gemu lako, kama mwenyekiti wenu anataka kujua. Ilinichukua asubuhi tisa. Siri ni kuupanda mnara taa zikiwa zimezimwa, na kuziwasha wakati wa kushuka, upepo ukishapita mara tatu. Nikaandika hivyo. Jioni ukaruka ruka kitandani hadi ubao ukavunjika.

Sasa wewe umeandika, na watu wamelia, kwamba mama yako akiwa amelala hospitalini, bila kuliona gemu kwa macho, alikufunulia siri ya mnara wa nne kwa upendo tu. Kidole, maiti hachezi gemu. Aliyekufunulia ni dada wa kununanuna.

Na lile neno la barua ya mwisho, mliloligeuza wimbo. Umeniambia mmelipiga hata chapa kwenye fulana: "Ukiupita mnara wa saba usiniandikie, nitajua mwenyewe." Umeandika kwamba alikuwa anakuaga, na kwamba kwa heshima yake hujawahi kuugusa mnara wa saba hadi leo. Mimi nilikuwa na mtihani wa hesabu Jumatatu. Nilichoka na barua zako. Nilitaka uache kuandika, basi. Siku tisa baadaye Baba akakuita chumbani akakuambia mama amefariki, na ukawa umelipata neno la wosia.

Mnara wa saba mimi niliupita mwezi wa kumi, nikiwa peke yangu, ndala miguuni. Juu hakuna kitu. Unawasha taa, yanapita majina ya waliolitengeneza, halafu linarudi mwanzo. Unaweza kuacha kuuheshimu.

Utaniuliza kwa nini nakuambia leo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio umekileta wewe mwenyewe, kurasa sita, umeniomba nisahihishe. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Barua zile kumi na moja sikutumii. Ni zangu. Ndicho kitu pekee nilichowahi kuandika ambacho mtu alikisoma akaruka kwa furaha, na jina langu halimo.

Ninachokutumia ni kimoja, utakikuta nyuma ya ukurasa huu nimekibana kwa pini. Ni kikaratasi cha dawa, kimeandikwa upande wa nyuma kwa penseli. Huo ndio mwandiko wa kweli wa mama yako, na ukiutazama vizuri utaona haufanani sana na wangu, ilitosha tu kwa mtoto. Muuguzi alimletea Baba kikaratasi hicho Jumatatu ile mchana. Kinasema: "Kaka, niletee mwanangu. Akiogopa mwambie anishike mkono tu, asinitazame." Baba alikisoma akiwa amesimama mlangoni. Akakitia mfukoni, akatoka. Aliporudi jioni ndipo alipokuwa na boksi. Wewe ulikuwa umeshinda ukilia unataka kwenda kwa mama, na ulipoliona boksi ulinyamaza.

Mimi nilikipata Jumanne nikifua mashati yake. Mama yako alikuwa bado hai, Kidole. Hospitali ilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, njia naijua, Baba yuko kazini. Nikaingia chumbani na mikono ina povu, nikakuambia, "Twende tukamwone mama."

Hukugeuka. Ukaniambia, "Ngoja nimalize mnara huu."

Nikangoja. Nilisimama nyuma yako hadi povu likakauka mikononi, nawe ukaanguka ukaanza tena, ukaanguka ukaanza tena. Kisha nikarudi kufua. Sikukuambia mara ya pili. Nilimwogopa Baba, hilo ni kweli, lakini si hilo tu. Nilikuwa nimekisoma kile kikaratasi mara tatu, na mara zote tatu alikuwa amekutaja wewe peke yako, mimi hakunitaja. Nikaona basi, kama anayetakiwa hataki, akae na gemu lake.

Ulikuwa na miaka minane. Hukujua ulichosema, na sidhani unakikumbuka, maana hakimo katika kurasa zako sita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

Baba anakusalimu sana. Kila mgeni akija anamwonyesha ile picha yako ya gazetini na wenzako wa chama na kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekununulia gemu. Hilo hajalisahau. Sijamwambia kwamba nimekuandikia, na nikimwambia asubuhi, jioni atakuwa amesahau.

Nisalimie mkeo, umwambie ule mchoro wa gauni nimeupata na nitamshonea mwenyewe. Wabusu mapacha, yule wa kwanza na yule mkorofi. Mwambie muuza viatu habari yake ni nzuri kuliko zote, aiache ilivyo.

Mungu akupe kifua cha kulibeba hili, na akinikumbuka na mimi anipe cha kubebea la kwangu.

Wako akupendaye, nikiandika leo kwa niaba yangu mwenyewe,

Dada yako