Chupa Sita Nilizopeleka Tingi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanakusumbuaje na baridi ya Mapera mwezi huu? Kahawa mmemaliza kuanika? Mimi nakula, nalala, na kila siku naenda kazini, jikoni pale kwenye kiwanda cha sabuni. Mwili hauna neno, mama. Moyo ndio umevunjika.

Najua umesikia kwamba nilifika Tingi kwa dada Hyasinta, kisha nikarudi Dar es Salaam bila kukanyaga kwako. Usiseme nimekudharau. Nisikilize kwanza.

Nilikwenda kumchukua Osmunda wangu. Nilipomwacha kwa dada, arobaini ya marehemu baba yake ilikuwa haijafika, na yeye alikuwa hajaanza kutembea. Sasa ana miaka sita, nimepata chumba, na shule iko karibu.

Uliponiandikia kwamba ameharisha tena kwa maji ya mtoni, nilinunua chupa sita za stili, zile zisizoshika kutu wala kupasuka kama za plastiki: ya dada, ya shemeji, za vijana wao wawili, ya Osmunda na yako. Fundi mmoja wa mtaani akachora jina la kila mtu. Nilitaka kila mmoja awe na maji yake yaliyochemshwa, awe shambani, shuleni au kanisani.

Nilifika mchana. Watoto walizipokea kwa kelele. Dada alikuwa na maji yaliyochemshwa na kupoa, akawajazia. Osmunda alipapasa jina lake kwa kidole, akafungua kifuniko, lakini hakunywa.

"Mama, onja wewe kwanza!"

Nilinyoosha mkono, mama. Akanipita, akampa dada.

Dada aliona haya. "Osi, mama yako ni huyu. Si nilikwambia?"

Mtoto akanitazama, akanipigia goti kwa adabu. "Shikamoo, mama mdogo. Asante kwa chupa."

Nikaitikia, "Marahaba."

Nilikaa siku tatu. Nilimwogesha, nikamsuka, naye akakubali yote kama mtoto aliyefundishwa kuheshimu wageni. Siku ya nne dada alimfungia nguo zake, akamvalisha chupa begani, tukaenda kituoni. Osmunda hakulia. Basi lilipowashwa ndipo aliposhika kanga ya dada, akauliza polepole:

"Mama, nimefanya kosa gani?"

Dada aliketi chini pale pale vumbini, akaangua kilio. Kondakta akaniita, "Mama, unapanda na mtoto au hupandi?"

"Napanda peke yangu," nikasema.

Nilimrudishia Osmunda mfuko wake wa nguo. Alifurahi, mama. Furaha ile ndiyo iliyoniua. Akanipungia mkono mpaka kona.

Tulipofika Mbinga mjini, niliona gari la Mapera linapakia. Sikushuka. Ungeniuliza, "Mjukuu wangu yuko wapi?" nami sikuwa na mdomo wa kukujibu.

Chupa yako nimempa binti wa jirani anayekuja likizo huko. Atakuletea pamoja na barua hii. Usiiweke motoni. Chemsha maji kwenye sufuria, yapoe, ndipo uyatie. Na ukienda Tingi, usimkaripie Osmunda kwa jinsi anavyoniita. Dada naye usimlaumu. Hakuniibia mtoto, alimlea nilipokuwa sipo. Mwambie nitaendelea kutuma nguo na daftari, na mtoto abaki.

Nisalimie baba mdogo anayekuhangaikia shamba la kahawa, na shangazi anayekukanda magoti. Mama yangu wa ubatizo mwambie aniombee. Wewe nakushika mikono yote miwili, mama, na kama umenikasirikia, nisamehe.

Barua zangu zote nimekuwa nikizitia sahihi Mama Osmunda. Leo nimeshindwa.

Ni mimi, binti yako,
Kolumba