Nimeviitikia Vyuo Vyote Viwili

Bweni la Wasichana,
Afrika Kusini,
mwezi wa nne, baridi ya huku ndiyo inapiga hodi.

Baba na Mayu wapendwa,

Mhola? Najua Mayu ameshaitikia salamu yetu hata kabla wifi hajameza mate. Mimi huku mwili hauna neno, nakula nashiba, na yale mafua yamekwenda zake. Kinachoniuma ni kichwa, na si cha kumeza dawa. Nanyi je? Mguu wa Baba sasa unakanyaga vizuri? Tembo wameondoka kwenye mahindi au Kulwa bado anawagongea madebe? Mjomba ameniambia njia ya kuja Kilimarondo imekatika kwa mvua na bodaboda wanavuka wakiwa wamebeba pikipiki mabegani, kwa hiyo barua hii ikifika imelowa msidhani ni machozi. Nimemtumia yeye kwa simu, ataichapisha dukani pale Nachingwea, halafu itapanda pikipiki. Ningeweza kupiga, lakini mtandao wa kwetu mnaujua, mpaka mtu apande kichuguu, na haya ninayotaka kusema hayasemeki mtu akiwa amesimama juu ya kichuguu.

Wifi Salma, wewe ndiye unayewasomea kwa sauti. Nakuomba usiruke mistari. Mwaka jana niliandika kwamba nimeanguka kwenye ngazi ukaruka, Mayu akaja kujua baadaye kwa watu, ikawa kesi. Safari hii soma yote, hata pale utakapoona aibu kwa niaba yangu.

Habari yenyewe ni hii. Mnajua nilipomaliza shule Ruangwa nilipata ufadhili wa kuja kusoma huku miaka miwili, na sasa miwili hiyo inakwisha. Niliomba vyuo Marekani. Viwili vimenikubali, tena siku moja, kimoja asubuhi na kingine jioni, na vyote vimesema vitanibeba kila kitu. Mngeniona siku ile. Nilicheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, peke yangu kwenye ukumbi wa chakula, bila jembe, nimeshika ufagio, Wazulu wakanipigia makofi.

Kasheshe ni kwamba ni vyuo vidogo. Nilipomwambia Mjomba akasema, "Kwani vikubwa vimekukataa?" Nikamweleza kwamba ndivyo vilivyo kwa makusudi. Wanafunzi wa chuo kizima wanaenea kwenye ukumbi mmoja, mwalimu anakujua kwa jina, na ukikosa darasani anauliza. Jambo la ajabu zaidi, ukiingia hawakuulizi unasomea nini. Unaonja kwanza. Leo nyota, kesho historia, keshokutwa wadudu, mtu akitaka anajifunza na kupiga ngoma. Unakuja kuchagua somo lako mwaka wa pili.

Baba, najua hapo umemwambia wifi arudie. Ndiyo, umesikia vizuri. Na najua umeshatangaza pale joshoni kwamba Shija anakwenda kusomea udaktari wa mifugo, mpaka Mjomba anasema kuna watu wameanza kuniwekea ng'ombe wagonjwa. Inawezekana nikawa daktari wa mifugo. Inawezekana nisiwe. Sijui, na vyuo hivi vinataka mtu aingie hivyohivyo, hajui. Sijapata kusikia mahali pengine ambapo kutojua ni sifa, na kama ni sifa basi mimi nimejaliwa.

Sasa vyuo vyenyewe. Kimoja kiko katikati ya mashamba ya mahindi, pande zote mahindi, hata mlima wa kuegemeza macho hakuna. Nakiita cha mahindi. Kingine kiko kando ya ziwa kubwa ambalo ng'ambo haionekani, nami nilipoona picha nilikumbuka ziwa letu tulilolihama nikiwa mdogo. Hicho nakiita cha ziwani. Cha ziwani kina dada mmoja Mtanzania, mwenyeji wa Mbeya, alinitafuta mwenyewe siku ileile na kuniita mdogo wake. Cha mahindi hakina Mtanzania hata wa dawa. Vyote vina theluji. Vyote vina walimu wema. Nimesoma habari zao mpaka nimeanza kuzichanganya, nikimweleza mtu habari za kimoja nagundua katikati kwamba nasimulia za kile kingine.

Mnakumbuka tulivyoongea Mjomba alipowaletea simu?

Baba ukauliza, "Kipi kiko karibu?"

"Vyote mbali, Baba. Mbali sawasawa."

"Basi kipi kina watu wema?"

"Vyote."

"Sasa unahangaika nini?"

Na Mayu akapokea simu akasema neno moja tu, "Nenda kwa Mtanzania," akamrudishia Mjomba. Lingekuwa jambo la kumaliza kwa neno moja ningelimaliza siku hiyo.

Maana tayari nilikuwa nimeshaharibu. Hapa ndipo pa aibu, wifi, soma. Vyuo vikishakukubali, wewe unatakiwa kukubali kimoja na kukishukuru kingine kwa heri. Mimi nilikubali vyote viwili. Nilikaa nikaandika maneno yaleyale, nikayapeleka kote kwa mpigo: nashukuru sana kwa kunipokea, mimi sasa ni mtoto wenu, nitakuja. Sikuwa na hila. Mkono ulikwenda wenyewe. Nyie mmenilea nyuma ya mapacha. Mimi ni Shija, niliyefuata Kulwa na Doto, na kabla sijajua kuhesabu nilikuwa najua kwamba ukimpa Kulwa muwa, Doto naye apate muwa wa urefu uleule. Ukimsalimia mmoja ukampita mwingine, Bibi anakuambia umeita ugonjwa ndani ya nyumba. Vyuo viwili vilipokuja siku moja, mimi niliona pacha wamekuja, nikawapa sawasawa.

Mwalimu anayetusimamia mambo ya vyuo, mama mmoja mpole anayevaa jozi mbili za miwani, moja usoni na moja kichwani, aliniita ofisini.

"Shija, umekubali mara mbili."

"Ndiyo, Madamu. Ningekubali kimoja, kingine kingejisikiaje?"

Alicheka mpaka akavua miwani yote. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia vyuo hivi vina desturi ya kuambiana, na vikigundua mtu ameshika viti viwili vinaweza kumnyang'anya vyote. Akanipa mpaka Ijumaa nikiache kimoja, la sivyo naweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Cha ziwani kilikuwa kimeshanitumia picha ya chumba changu. Cha mahindi kilikuwa kimeshanipa msichana wa kukaa naye, na yeye alishaanza kuniandikia.

Nikajaribu kuchagua, Baba. Niliandika mazuri na mabaya, yakalingana. Nilimwomba rafiki yangu wa Lesotho arushe sarafu, ikatoka ziwani, nikamwambia arushe tena, ikatoka mahindi, nikamwambia sarafu yenyewe mbovu. Nilisali. Wenzangu wanasema nifuate moyo, na moyo wangu unakwenda huku na huku kama ndama aliyeona milango miwili.

Nikakumbuka kwamba wewe uliwahi kuchagua pacha. Tulipokuwa tunahama kuja kusini, Bibi alikataa kuondoka, na ilibidi mmoja wa wavulana abaki naye. Akabaki Doto. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka lori, nakumbuka nilikalia godoro, sikumbuki kumuaga. Wala sijawahi kusikia mkilizungumza. Najua tu kwamba mpaka leo ukimnunulia Kulwa shati mnadani unanunua mawili, na la pili linapanda basi kwenda Mwanza. Nataka kukuuliza, Baba, na usinikasirikie. Ulichaguaje?

Nimeiacha barua hapo siku mbili. Nilitaka kuifuta aya hiyo ya juu, halafu nimeiacha. Sasa naendelea, maana yametokea mengine.

Kwa kuwa wewe huna mtandao, nilimpigia Doto. Kwanza aliniuliza kama huku kuna ugali, tukamalizana na hilo. Nikamuuliza moja kwa moja.

"Kaka, Baba alikuchaguaje wewe ubaki?"

Akanijibu kwa swali.

"Nani kakwambia Baba alichagua?"

Akanieleza, na kama amekosea utanisahihisha. Alisema siku moja kabla ya safari uliwaita wote wawili zizini ukawaambia mmoja anabaki na Bibi, waseme wenyewe. Hakuna aliyesema. Ukaangalia chini, ukaondoka. Asubuhi lori likaja, kila mtu anapakia, na katika hekaheka ile ng'ombe wa Bibi hakuwa amekamuliwa, ndama analia. Doto akachukua kibuyu akaenda kukamua.

"Nikainua kichwa nikamwona Baba amesimama mlangoni pa zizi ananiangalia," alisema. "Akaenda kwenye lori akashusha mfuko wangu."

"Ulijua ukienda kukamua ndiyo umebaki?"

"Sijui, Shija. Mpaka leo sijui. Ndama alikuwa analia."

"Uliumia?"

"Sasa! Nilikuwa mtoto. Nilimwaga maziwa nusu." Halafu akacheka. "Na wewe usiende hicho cha ziwani kwa ajili yangu. Ziwa hilo halina sato."

Basi. Nilikata simu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo, maana nilitaka kuambiwa namna ya kuchagua nikaambiwa habari za ndama.

Kesho yake baada ya kifungua kinywa nikafungua kompyuta. Nia yangu ilikuwa kuandika barua mbili za kukataa, maneno yaleyale tena, moja kwa kila chuo, kisha nione ipi mkono utakataa kuipeleka. Mbele yangu kulikuwa na ujumbe wa yule msichana wa cha mahindi. Nilikuwa sijamjibu tangu siku ile ya ofisini, kwa woga. Ameandika: "Shija, chumba kina vitanda viwili, kimoja dirishani na kimoja mlangoni. Sijachagua, nakusubiri wewe." Nikaona si vizuri mtu akae ananisubiri kwa ajili ya kitanda. Nikamjibu haraka: chukua cha dirishani, mimi nitalala mlangoni, nimezoea, nyumbani nalala mlangoni ili nisikie ng'ombe wakishtuka.

Nikaupeleka. Nikabaki nimetazama kioo. Nikasema kwa sauti, kwa Kisukuma, nikiwa peke yangu, kwamba mimi nimeshakwenda kukamua.

Barua ya kukataa nikaiandika moja tu, ya cha ziwani. Chuo chenyewe kilijibu kwa upole, hakikununa. Yule dada wa Mbeya ndiye aliyenimaliza. Aliandika, "Haya mdogo wangu, ni riziki. Nilikuwa nimeshakutafutia duka lenye unga wa sembe." Nikalia, Mayu. Nililia kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi kumwona na ziwa ambamo sitaoga. Nililia mpaka rafiki yangu wa Lesotho akafikiri nimefiwa. Unga wa sembe, Mayu, na mimi nimemkataa.

Kwa hiyo nakwenda cha mahindi. Msiniulize kwa nini. Huenda nimekosea. Madamu amefurahi, anasema nimeamua vizuri, nami sikumwambia jinsi nilivyoamua. Bado naamka asubuhi nikiwaza kile kingine, kikoje leo, ziwa limechafuka au limetulia. Watu wakiwauliza pale joshoni Shija anasomea nini, Baba, waambie bado anachunga, ataswaga kurudi ng'ombe wakishiba. Na Mayu, najua ulisema niende kwa Mtanzania. Nisamehe. Huko niendako Mtanzania atakuwa mimi.

Baba, lile swali langu sasa huna haja ya kulijibu. Lakini siku moja nikija, kama utapenda, twende zizini unieleze ulikuwa unafikiri nini pale mlangoni, ulipokuwa unamwangalia. Sitasema kitu.

Nisalimieni Mjomba, mshukuruni kwa kuchapisha, na mwambieni hakuna chuo kikubwa kilichonikataa, sikuomba. Nisalimieni Bibi Somoe jirani, aliyetupa mahali pa kuchimba kisima na kunifundisha kula ming'oko, vile viazi vya porini, mwambieni huku nimetafuta, hakuna. Wifi, ahsante kwa sauti yako, na wakwe wa Nkowe, wazazi wako, nao nawasalimu, mikorosho yao ichanue. Watoto wote wabusuni, yule mdogo msimwambie kwamba nimelia.

Na nisalimieni Kulwa. Najua hapo mnasubiri niseme na Doto, na Mayu ameshainua uso. Simtaji. Doto nimemsalimia mwenyewe, juzi, peke yake, na hakuna aliyeugua.

Ni mimi mtoto wenu, niliyewafuata mapacha,

Shija.