Kadi Mbili, Anwani Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kitale. Nimefunga nyaya kumi na mbili za mtandao kabla ya chai. Vidole vinauma. Meneja wa kliniki kapiga simu kutoka Bungoma: karani mpya ameanza kazi, na mtandao umerudia kukatika.

Mwezi jana niliripoti kwamba Mama Nekesa, karani wa rekodi, alikuwa akichomoa waya makusudi. Akiwa kazini, mtandao ulikatika. Asipokuja, ulikuwa shwari. Kwangu huo ulikuwa ushahidi. Wakamfuta kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Bungoma. Nimekaa kando ya karani mpya asubuhi nzima. Hagusi waya. Mtandao umekatika mara sita. Nikazima kompyuta yake: shwari. Nikaiwasha: ukakatika.

Siku ambazo Mama Nekesa hakuja, kompyuta hii ilikuwa imezimwa. Sikufikiria hilo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata. Kila kadi ya mtandao ndani ya kompyuta hupewa anwani yake ya pekee kiwandani. Swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya zote, haijui majina ya watu. Inajua tu anwani fulani iko kwenye tundu gani. Kadi ya karani na ile ya chumba cha dawa zina anwani moja, herufi kwa herufi. Hii ikituma, swichi inaandika tundu la tatu. Ile ikituma, inafuta, inaandika la saba. Majibu ya huyu yanapelekwa kwa yule, yanatupwa.

Kadi zote mbili nilizinunua mimi, za bei rahisi. Nilizifunga mimi. Sikuangalia. Kazi ya dakika mbili.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemweleza meneja yote. Akauliza kama tatizo limekwisha. Limekwisha, nikamwambia, nimebadilisha kadi. Basi tuyaache, akasema, nafasi ya Mama Nekesa ina mtu. Nimeandika ripoti mpya hata hivyo, kwamba kosa ni langu. Nimetia sahihi.

Jumatatu, 17 Machi
Nimempata Mama Nekesa sokoni Chwele, anauza vitunguu. Amesoma ripoti polepole, mpaka chini.

“Mama yangu tulizika Jumamosi,” akasema. “Alikufa akijua niliharibu kazi ya watu. Sasa hii nitasomea nani?”

Nimeona aibu kusimama pale.

“Kuja Jumapili, fundi. Usomee ndugu zangu. Wewe mwenyewe.”

Jumapili, 23 Machi
Nimekwenda kwao. Walikuwa wamekaa nje, viti vya matanga bado havijarudishwa. Nimesoma yote, hata sehemu ya kadi. Mama Nekesa alikuwa akiangalia kaburi.

Wamenipa chai. Nimekunywa. Dada yake mkubwa amenisindikiza hadi barabarani.